Nafasi ya Jina Moja

Mbele yangu ninapoandika maneno haya pana sahani ya santuri, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Imekwaruzika hata sindano huruka mara mbili kabla ya kufika kati, na karatasi yake imeingia madoa ya chai. Lakini maandishi yanasomeka bado. Jina la wimbo ni The House of the Rising Sun, yaani Nyumba ya Jua Lichomozalo. Wapigaji ni The Animals, vijana watano wa Newcastle, Uingereza. Na hapo hapo, kwa herufi ndogo ambazo siku hizi sizioni bila miwani, imeandikwa kwamba wimbo ni wa jadi na kwamba aliyeupanga ni Price. Price peke yake.

Wapigaji watano, jina moja. Nimekuwa na karatasi hii kwa zaidi ya miaka hamsini, na kwa muda mrefu sikuona la kuuliza. Wimbo niliupenda, basi. Ni uzeeni ndipo nilipotambua kwamba herufi zile ndogo zina kisa kirefu kuliko wimbo wenyewe, na kwamba mtu hawezi kuuhukumu wimbo huu kwa haki, uzuri wake na upungufu wake, bila kwanza kuuliza ni nani aliyeufanya. Msomaji atanivumilia, kwa maana nina sababu yangu ya kuuliza, nami nitaieleza mahali pake.

Niliusikia mara ya kwanza mwaka 1968, Mombasa, mtaa wa Majengo, barazani kwa jirani yetu aliyekuwa karani bandarini. Mabaharia walimzoea, wakawa wanamwachia santuri kama wenzake walivyoachiwa sigara. Jioni hutoa gramafoni yake nje, nasi vijana hujikusanya. Masikio yetu wakati ule yalijaa dansi kutoka Kongo na taarabu za arusi. Santuri za Kizungu tulizisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anavyosikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Hii ilipoanza tulinyamaza kweli. Kiingereza chake sikukipata chote, lakini gitaa nililielewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na gitaa la nyuzi tano, maana ya sita ilikatika na bei ya nyingine sikuiweza, na nilimsumbua yule jirani airudie na airudie hata siku moja akanifungia mlango. Alipohama Mombasa ndiye aliyenipa sahani hii. Nadhani alitaka kuondoka na amani.

Sasa tuingie katika wimbo wenyewe.

Newcastle ni mji wa makaa ya mawe na viwanda vya meli, kaskazini ya Uingereza, mji ambao vijana wake walipenda muziki wa Wamarekani weusi kwa mapenzi ya mtu aliye mbali. Mwimbaji alikuwa Eric Burdon. Alan Price alipiga kinanda cha umeme, Hilton Valentine gitaa, Chas Chandler gitaa la besi, na John Steel ngoma. Mwanzoni mwa 1964 walihamia London. Santuri yao ya kwanza, Baby Let Me Take You Home, ilitoka mwaka huo ikafika nafasi ya 21 katika orodha ya Uingereza, jambo la heshima lakini si la kumfanya mama mtu aache kuuliza mwanawe atatafuta kazi lini. Wimbo huo nao una ukoo na wimbo wa zamani uliomo katika santuri kubwa ya kwanza ya Bob Dylan, ya mwaka 1962. Na katika santuri hiyo hiyo ya Dylan imo Nyumba ya Jua Lichomozalo, ikiimbwa na mtu mmoja mwenye gitaa moja.

Mwezi wa Mei walipata bahati ya kuzunguka Uingereza katika msafara mmoja na Chuck Berry. Hapa ndipo ilipo hekima ya kwanza ya kisa hiki, nayo ni hekima ya wanyonge. Ukiwekwa jukwaa moja na Chuck Berry, hutamshinda kwa kasi, hutamshinda kwa makelele, wala hutamshinda kwa kuruka. Burdon ameeleza zaidi ya mara moja kwamba walitafuta kitu ambacho Berry hangekipiga, wimbo wa polepole, wenye giza, ambao watu wangetoka nao nyumbani. Wakachagua huu. Usiku baada ya usiku waliupiga mbele ya watu, na usiku baada ya usiku watu walitulia. Mtayarishaji wao, Mickie Most, hakuutaka mwanzoni. Aliyemshawishi ni wale wasikilizaji wa ukumbini.

Tarehe 18 Mei 1964, katikati ya msafara ule, waliingia katika studio ya De Lane Lea, barabara ya Kingsway, London, wakaupiga. Toleo tunalolijua ni lile walilolipiga kwa mkupuo mmoja, bila kusimama na bila kurudia. Most mwenyewe alisema baadaye kwamba kazi yote ilichukua kama robo saa, na kwamba yeye hawezi kujidai kwa jambo kubwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, akanasa hewa ya chumba. Namheshimu kwa maneno hayo. Watayarishaji wa muziki wanaokiri kwamba hawakufanya kitu ni wachache mno. Tena alifanya jambo moja kubwa: redio za wakati ule zilitaka wimbo wa dakika tatu au pungufu, na huu ulipita dakika nne na nusu karibu. Aliuacha vile vile.

Nini hasa walichokifanya katika hizo dakika nne na nusu? Maneno hawakuyatunga wao. Sauti hawakuitunga wao. Hata kodi za gitaa (ndivyo tulivyoziita sisi wapigaji, msomaji asizichanganye na zile za serikali) hawakuzitunga wao, maana Dylan alizipiga kabla yao, na Dylan mwenyewe alizitoa kwa rafiki yake Dave Van Ronk wa New York. Kodi zenyewe zinapanda ngazi kwa ngazi, kutoka A ndogo kwenda C, kwenda D, kwenda F, na anayezisikia hujiona akipanda gorofa asiyoijua. Hilo lilikuwepo. Alichokifanya Valentine, kijana aliyekuwa amebakiwa na siku tatu tu kutimiza miaka ishirini na moja, ni kukataa kuzipiga nyuzi kwa pamoja. Alizidonoa moja moja, zikipanda na kushuka kwa mwendo wa pembea, bila haraka, bila kukosea, na gitaa la umeme likazipa makali ambayo gitaa la mbao halina. Dylan alisimulia mkasa. Valentine alijenga nyumba na kuufungua mlango wake kabla mtu hajasema neno. Ukimpa leo kijana gitaa dukani, katika mji wowote, iwe Mombasa au Manila, kuna uwezekano mkubwa kwamba vidole vyake vitaanza kutafuta mdono huo. Hatafuti kinanda. Hatafuti sauti ya Burdon. Anatafuta mkono wa kulia wa Hilton Valentine.

Nisimdhulumu Price. Kinanda chake ndicho kinachoufanya wimbo usibaki pale pale. Kinaanza kama pumzi, unakihisi kabla ya kukisikia. Kisha kila ubeti kinaongeza kidogo, kama mtu anayezungusha utambi wa taa, mpaka kinapopewa nafasi ya kupiga peke yake hapo katikati, na hapo kinawaka. Sijui kipande cha kinanda katika muziki wa roki wa miaka ile kilichojua zaidi kwa nini kipo pale. Baada yake sauti ya Burdon, iliyokuwa chini kama ya mtu anayekiri mambo yake usiku, inaruka juu na haishuki tena. Ngoma za Steel hazina la ajabu, na hiyo ndiyo sifa yake: anajua kwamba wimbo una mwendo wake tayari. Chandler vivyo hivyo. Ondoa mmoja wao na chumba kinabomoka. Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kupiga katika kikundi, na najua tofauti iliyopo kati ya watu watano waliopangwa na mtu mmoja, na watu watano waliojipanga wenyewe kwa kurudia wimbo jukwaani mpaka kila mmoja akajua mahali pa kutopiga. Huu ni wa namna ya pili.

Upungufu wake ninao mmoja wa kuutaja, nao si mdogo. Katika masimulizi ya zamani anayesema ni msichana. Amepotelea New Orleans, katika nyumba ambayo msikilizaji haelezwi ni ya nini lakini anajua, na anataka mdogo wake wa kike aonywe. The Animals wakamgeuza mvulana, wakampa baba mcheza kamari. Kwa redio ilikuwa busara. Nyumba ikawa fumbo, na fumbo likapita mlangoni. Lakini mvulana anayejuta kamari na msichana anayejuta maisha yake hawalii kilio kimoja. Burdon anaimba kana kwamba yeye ndiye aliyeharibikiwa kuliko watu wote duniani, na maneno aliyonayo mdomoni hayatoshi kwa sauti hiyo. Nikiusikiliza leo nahisi nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Dylan, pamoja na sauti yake ya kukwaruza, alimwacha msichana aseme.

Mapokezi yake yanajulikana, kwa hiyo nitayapita upesi. Ulitoka Juni 1964, na Julai ukawa wa kwanza Uingereza. Marekani waliukata ukabaki karibu dakika tatu, wakapunguza hata kile kipande cha kinanda, kama mchinjaji anayetupa nundu. Hata hivyo Septemba ukawa wa kwanza huko nako, ukakaa majuma matatu. Wakati ule nyimbo za Waingereza zilizoshika nafasi hiyo Marekani zilikuwa za Beatles, au zilizotungwa na Beatles kwa ajili ya wengine. Huu ulikuwa wa kwanza usio na mkono wao.

Kuna kichekesho kimoja ambacho siwezi kukiacha. Van Ronk alisimulia kwamba Dylan alimwendea kumwomba ruhusa ya kurekodi mpango wake, na alipomjibu kwamba yeye mwenyewe anakusudia kuurekodi karibuni, Dylan akakiri kwamba ameshaurekodi. Santuri ilipotoka, Van Ronk ikambidi auache wimbo, kwa sababu kila alipouimba watu walimwambia ameutoa kwa Dylan. Zikapita siku. The Animals wakauteka ulimwengu, na ikawa zamu ya Dylan kuuacha, kwa sababu kila alipouimba watu walimwambia ameutoa kwa The Animals. Van Ronk aliyasema haya akicheka. Kicheko cha namna hiyo huja baada ya miaka mingi.

Turudi kwenye karatasi. Sheria ya mirabaha inasema wimbo wa jadi hauna mtunzi, lakini mpango wake unaweza kuwa na mwenyewe; na anayeandikwa kuwa mpangaji ndiye anayelipwa kila santuri inapouzwa na kila redio inapoupiga. Burdon ameeleza kwamba waliambiwa nafasi ya majina matano kwenye karatasi haipo, basi liandikwe moja, na Alan likachaguliwa kwa kuwa ndilo la kwanza kwa mpangilio wa alfabeti. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wamo safarini, wamechoka, wamefurahi, wanaambiwa jambo la karatasi. Nani angebisha? Mirabaha ilipoanza kuja ilikwenda kwa aliyeandikwa. Price aliacha kikundi mwaka 1965. Valentine alibaki na uchungu huo maisha yake. Alifariki Januari 2021, na magazeti yaliyomwaga yalitaja mdono wake katika mistari ya kwanza. Karatasi ya santuri haikumtaja popote.

Wapo wanaomtetea Price. Husema alikuwa ndiye mwanamuziki aliyekomaa kuliko wenzake, kwamba kikundi kilianzia kwake, kwamba kinanda ndicho kilichoubeba wimbo. Hayo huenda yote ni kweli na bado hayafiki. Swali si nani alifanya zaidi. Nafasi ya mstari mmoja kwenye karatasi iliamua nani alifanya yote. Wala sidai kwamba Price alikuwa mwizi. Sikuwepo, na karatasi yangu haisemi nia ya mtu. Ninachodai ni kwamba masikio yanatoa ushahidi ambao karatasi inaukana, na ushahidi huo unaanza katika sekunde ya kwanza kabisa.

Hapo zamani ningemalizia hapa, nikiwa nimesimama upande wa mwenye kudhulumiwa, mahali pazuri pa kusimama. Lakini ukiinua jiwe hili, chini yake pana jiwe jingine.

Mwezi wa Septemba 1937, Alan Lomax, aliyekuwa akikusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, alifika Middlesboro, Kentucky, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na mashine yake ya kurekodi. Msichana mmoja wa miaka kumi na sita, binti wa mchimbaji, jina lake Georgia Turner, alimwimbia wimbo huu bila gitaa wala kinanda. Hakuutunga yeye, wengine walikwisha urekodi kabla yake, mwaka 1933, na kabla yao uliimbwa na watu wasiojulikana. Lakini maneno ya Georgia Turner ndiyo aliyoyachapa Lomax katika kitabu mwaka 1941, pamoja na mengine ya mtu aitwaye Bert Martin, na ni kutoka kitabu na rekodi hizo wimbo ulipotembea mpaka New York, ukawafikia wale vijana wa magitaa, na kutoka kwao Newcastle. Georgia Turner aliolewa, akazaa watoto wengi, akaishi maisha ya shida, akafa mwaka 1969. Alikuwa hai wimbo ulipokuwa wa kwanza duniani. Mwanahabari Ted Anthony, aliyeufuatilia wimbo huu hata akauandikia kitabu kizima, alikuta kwamba mirabaha aliyoipata yule mama ilikuwa kiasi cha dola 117 na senti.

Basi wanapolalamika wanne wa Newcastle kwamba jina lao halikuandikwa, nalalamika nao. Lakini nasikia nyuma yao msichana akiimba, yule yule waliyemtoa katika wimbo na kumweka mvulana. Yeye hakuambiwa hata kwamba nafasi ni ya jina moja.

Kwetu nako tunayajua mambo haya. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na kila mpiga gitaa wa hoteli kutoka Lamu hadi Diani, na mpaka leo ukitaka kuanzisha ugomvi kati ya wazee wa muziki wa Kenya, uliza kama ni wa Fadhili William au wa Adam Salim. Sitauanzisha hapa. Nasema tu kwamba watu wanaougombania wana sababu, na wanaowacheka hawajawahi kuandikiwa karatasi.

Mimi nimeiandika moja. Nimeahidi kueleza sababu yangu, na sasa sina pa kujificha.

Mwaka 1974 tulikuwa na kikundi chetu, vijana wanne, tukipiga katika arusi na siku za sikukuu. Mimi nilipiga gitaa la ridhimu, na si kwa ustadi mkubwa. Lakini nilikuwa nimesoma kuliko wenzangu na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa katibu: niliandika barua, nikapokea malipo, nikaweka daftari. Mpiga besi wetu alikuja siku moja na wimbo aliouokota kwa mama yake. Mama yule alikuwa akiuimba akichagua mchele, naye aliusikia kwa wanawake wa kwao kisiwani, na sidhani kama kuna aliyejua ulianzia wapi. Mpiga solo akautafutia mwanzo wa gitaa. Alihangaika nao siku tatu, na siku ya nne alipoupata tulimkumbatia. Ukipiga wimbo ule leo kwa watu wa umri wangu, huo mwanzo ndio wanaoutambua. Kazi yangu ilikuwa kukata ubeti mmoja uliokuwa mrefu.

Kampuni moja ndogo ilikubali kututolea santuri. Tukapewa fomu ya kujaza, na katika fomu palikuwa na mstari, na mwanzoni mwa mstari neno moja: Mtunzi. Mstari wenyewe haukuzidi urefu wa kidole changu cha shahada. Wenzangu walikuwa nje wakinywa soda. Niliandika jina langu. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa na nia gani, na jibu la kweli ni kwamba sikuwa na nia. Nilikuwa ndiye mwenye kalamu. Nilijiambia kwamba ni la muda, kwamba fedha zikija tutagawana, na fedha zilipokuja, ambazo hazikuwa nyingi, tuligawana kweli mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa na mtoto mgonjwa. Mara ya tatu hakuna aliyeniuliza.

Mpiga besi hakunigombeza. Aliiona santuri, akaisoma karatasi yake taratibu, maana kusoma hakukuwa kazi nyepesi kwake, akairudisha mezani, akasema imetoka vizuri. Baada ya miezi michache akaacha kuja mazoezini. Tulionana miaka mingi baadaye katika feri ya Likoni, tukashikana mikono, akaniuliza watoto hawajambo. Nilitaka kusema. Feri ilifika ng'ambo kabla sijapata pa kuanzia, ingawa msomaji anayeijua Likoni anajua kwamba mtu mwenye nia huweza kusema mengi kabla ya kuvuka.

Amekwisha kufariki. Mwaka juzi binti yake alikuja nyumbani kwangu, mwanamke mtu mzima, mwalimu. "Shikamoo, ami," aliniambia, "nimeambiwa wewe unayo ile santuri. Nataka kumsikia bibi yangu." Nikamwambia bibi yake hakurekodiwa, tuliorekodiwa ni sisi. Akasema anajua, lakini baba yake alikuwa akisema kwamba ule ni wimbo wa bibi, na yeye hajawahi kuusikia.

Niliitoa sandukuni. Ilikuwa imelala chini ya hii ya The Animals. Alivaa miwani yake akaisoma karatasi, pande zote mbili, kwa makini, kama baba yake alivyoisoma, ila yeye alisoma upesi. Kisha akanitazama. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa, bila kupunguza, na ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa kwa miaka arobaini na kitu. Hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe. Aliuliza yule aliyepiga gitaa la mwanzo aliitwa nani, nikamtajia, akaandika katika kijitabu chake. Akaniuliza jina la bibi yake kama sisi vijana tulivyokuwa tukimwita, nikamtajia nalo, akacheka kidogo, akaliandika.

"Haya, ami," akasema, "tuiweke."

Tukaiweka. Gitaa likaanza.